Kalamu ya kupimia chumvi ya kisima: nunueni moja kwa mtaa mzima

Kifaa chenyewe ni kidogo, hakizidi kalamu nene ya kuandikia ubaoni. Upande mmoja kina pini mbili za chuma, upande wa pili kina kioo cha tarakimu. Ukikichovya kwenye maji kinakuonyesha maji hayo yanapitisha umeme kiasi gani, na kwa kuwa umeme ndani ya maji hupita kwa njia ya chumvi zilizoyeyuka, tarakimu ikipanda ujue chumvi imepanda. Madukani wanakiita kipima TDS (yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka) au kalamu ya maji. Utakipata kwa wauza vichujio vya maji, vifaa vya mabwawa ya kuogelea, samaki wa mapambo, na hata kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo. Kwa kawaida bei yake haifiki ya boza moja la maji.

Kwa mtaa wowote wa pwani unaoishi kwa visima, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani kote, kalamu hii inafaa, na inafaa zaidi ikinunuliwa kwa mchango wa pamoja. Mtu mmoja akiinunua kwa ajili ya kisima chake, ataipima siku chache, ataridhika, kisha italala kabatini. Mtaa ukiinunua pamoja na daftari la kuandikia, unapata onyo miezi mingi kabla ya mtu yeyote kuonja tofauti.

Kuonja ndiko kulikopoteza visima vingi. Chumvi ya bahari haiingii kisimani kwa kishindo. Kiangazi hiki inazidi kidogo ile ya kiangazi kilichopita, masika yakinyesha inarudi chini, lakini hairudi pale pale ilipoanzia. Anayekunywa maji hayo kila siku anayazoea jinsi yanavyobadilika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu huanza kuhisi ladha ya kloridi, sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, ikifika miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Maji ya bahari yana kloridi karibu miligramu 19,000 kwa lita. Piga hesabu: hadi ulimi ushtuke, zaidi ya sehemu moja katika mia ya maji ya kisima imeshakuwa bahari. Na hata ulimi ukishtuka, hakuna anayepiga kelele. Chai inaongezwa tangawizi, maji ya kunywa yananunuliwa kwa dumu, kisima kinabaki cha kuogea na kufulia, baadaye kinabaki cha kusukumia choo. Sabuni inagoma kutoa povu, ndoo inabaki na utando mweupe, mchicha unaungua ncha za majani, na jibu la kila mtu ni lile lile: kisima cha pwani hicho, ulitaka kiweje?

Si kweli kwamba lazima kiwe hivyo. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi yamekaa juu ya maji chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Wahandisi wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waliandika kanuni yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia chini yake karibu mita 40 za maji baridi. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake. Mkivuta maji hadi usawa wake ushuke nusu mita na ubaki hapo msimu baada ya msimu, mpaka wa chumvi unaanza kupanda kutafuta mita 20. Chini ya pampu yenyewe unapanda haraka zaidi, ukiwa na ncha kama kichuguu, na ncha hiyo ikigusa mdomo wa pampu kisima kimeharibika hata kama majirani bado wanachota maji matamu. Ndiyo maana dawa ambayo mafundi wengi huipendekeza, yaani kuongeza kina, ndiyo mbaya kuliko zote. Kisima kikianza chumvi, kukichimba zaidi ni kukisogeza karibu na bahari.

Hatari huwa kubwa zaidi wakati ambao watu wana shida zaidi. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji kutangazwa Dar es Salaam, mji uliegemea visima, vya serikali na vya watu binafsi. Mabomba yakikauka, kila pampu hukesha, na hukesha katika miezi ambayo tabaka la maji baridi ni jembamba kuliko miezi mingine ya mwaka. Unguja hali ni nyeti zaidi: kisiwa hakina mto mkubwa, wenyeji na hoteli wanavuta maji yale yale ya chini, na sehemu kubwa ya ukanda wa mashariki ni jiwe la matumbawe lenye matundu, ambalo bahari inapita ndani yake bila kipingamizi kikubwa.

Madukani kuna aina kuu tatu. Ya kwanza ndiyo rahisi kabisa: inaonyesha TDS peke yake, kwa kipimo cha ppm (sehemu kwa milioni). Inafanya kazi, lakini haikuonyeshi hesabu iliyotumika kuipata tarakimu hiyo, na hilo lina matatizo yake tutakayoyaeleza. Ya pili inaonyesha EC, yaani upitishaji wa umeme wenyewe, kwa kipimo cha maikrosimensi (kwenye kioo huandikwa µS), inaonyesha joto la maji, inajirekebisha yenyewe kwa joto, na ina kitufe au skrubu ya kuirekebishia. Hii ndiyo ya kununua. Ya tatu ni ile kubwa kidogo yenye vipimo vitano au sita kwa pamoja: chumvi, uzito wa maji, pH (kiasi cha tindikali) na kadhalika. Kwa kazi ya kisima haina faida inayolingana na bei, na ikiwa ina pH, kichwa chake kinatakiwa kihifadhiwe kikiwa na unyevu wakati wote. Kikikauka kinaanza kudanganya, na mtaani hakuna atakayekumbuka kukilowesha.

Ziko pia zenye waya mrefu, za kuteremsha hadi ndani ya kisima. Ni nzuri sana, ila bei yake ni ya ofisi ya serikali ya bonde la maji. Mtaa unaweza kupata karibu faida ile ile kwa chupa na kamba.

Siku ya kupima ichaguliwe kwa mwezi mwandamo, si kwa kalenda ya ukutani. Kisima kilicho karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, kwa hiyo ukipima leo wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na safari ijayo wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, utakuwa unapima bahari badala ya kupima hali ya kisima. Bahati nzuri, katika pwani yetu bamvua huja na saa zake: maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, mwezi uandamapo na mwezi unapokuwa mpevu. Pimeni tarehe 2 na tarehe 16 za mwezi mwandamo, saa nne asubuhi. Wavuvi na msikiti wanazijua tarehe hizo bila kuuliza, na kila kipimo kitakuwa kimefanyika bahari ikiwa katika hali ile ile.

Maji ya kupima yasitoke kwenye tenki. Tenki lina maji ya siku tatu yaliyochanganyika, pengine na ya boza. Kwa kisima chenye pampu, chukueni mara mbili. Ya kwanza asubuhi, pampu ikiwa imepumzika usiku kucha: iwasheni, acheni maji yatoke dakika tano ili yale yaliyolala kwenye bomba yaishe, kisha kingeni. Ya pili chukueni baada ya pampu kufanya kazi saa nzima. Tofauti kati ya hizo mbili ina maana kuliko tarakimu yenyewe. Kama ya pili imezidi ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 10, kuna uwezekano mkubwa kwamba chumvi inapanda chini ya pampu, na mnayo nafasi ya kuizuia kwa kubadili namna ya kuvuta tu.

Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kipimwe juu na chini. Chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, ifungeni jiwe chini yake, izibeni kwa kizibo laini kilichofungwa uzi wa pili. Iteremsheni hadi karibu na sakafu ya kisima, vuteni uzi wa kizibo, subirini mapovu yaishe, kisha ipandisheni. Maji ya juu yakisoma maikrosimensi 800 na ya chini yakisoma 1,600, basi kina cha kisima chenu kimeshafika mahali pa hatari, na ndoo ichotee juu bila kukoroga. Chupa na kamba visuuzwe kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuingia, na visiguse ardhi. Kuingiza uchafu kisimani kwa sababu ya kupima chumvi itakuwa hasara tupu.

Kupima kwenyewe ni kwa dakika mbili. Tumieni kikombe cha plastiki ambacho hakitumiki kwa kitu kingine. Kisuuzeni mara tatu kwa maji yale yale yatakayopimwa. Jazeni kiasi cha vidole vitatu, wekeni kivulini, chovyeni kalamu hadi pini zizame kabisa lakini msipite mstari uliochorwa kwenye mwili wake, kwa maana nyingi zinavumilia matone tu na hazivumilii kuzama. Ikorogeni taratibu na kuigonga kidogo ukutani mwa kikombe ili povu lililonasa kati ya pini litoke. Povu moja dogo linatosha kushusha kipimo sana. Subirini nusu dakika hadi dakika moja, tarakimu itulie na joto lilingane, ndipo mwandike. Baadaye suuzeni pini kwa maji ya mvua au ya chupa, kung'uteni, kausheni, funikeni.

Makosa yako machache, lakini yanajirudia karibu kila mahali, na mengine yamewahi kufanya watu waamini kwamba kisima kimepona.

Kubwa kuliko yote ni alama ya ×10. Kalamu nyingi zina nafasi ya tarakimu tatu tu. Zikipita 999 zinaanza kuonyesha, kwa mfano, 123 pamoja na alama ndogo ya ×10 inayowaka na kuzimika pembeni. Hiyo ni 1,230. Mwandishi wa zamu asiyeona vizuri anaandika 123, na daftari linasema maji yamekuwa kama ya mvua. Bandikeni onyo hilo kwenye jalada la daftari.

Linalofuata ni hesabu ya ppm. Kalamu haipimi chumvi moja kwa moja. Inapima umeme, kisha inazidisha kwa namba fulani ili ikupe ppm, na watengenezaji hawakubaliani juu ya namba hiyo. Wengine hutumia 0.5, wengine 0.7 au karibu yake. Maji yenye maikrosimensi 1,400 yatasoma 700 kwenye kalamu moja na 980 kwenye nyingine, na zote mbili ni nzima. Mitaa miwili ikilinganisha visima vyake kwa ppm bila kujua hilo inagombana bure. Andikeni maikrosimensi, basi. Kama mnayo kalamu ya ppm tupu, angalieni kwenye karatasi yake imetumia namba gani, mwandike hiyo namba ukurasa wa kwanza.

Kosa jingine ni kubadilisha kalamu. Ya zamani inakufa, ya mpya inanunuliwa, vipimo vinashuka kwa 150 na watu wanashangilia. Kalamu mbili mpya za duka moja zinaweza kupishana. Inunueni ya pili kabla ya ya kwanza kufa, mpime nazo zote maji ya aina tatu, ya mvua, ya kisima kizuri na ya kisima kibaya, kisha mwandike tofauti yake. Bila hivyo mstari wenu wa miaka unakatika hapo.

Joto nalo: upitishaji wa umeme hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kalamu isiyojirekebisha, kwenye maji ya nyuzi 30, itazidisha kwa kama asilimia 10 ukilinganisha na nyuzi 25 zinazotumika kama kigezo. Ile inayojirekebisha inahitaji muda ili nayo ipate joto la maji. Ikiwa imetoka kwenye dashibodi ya gari iliyoanikwa juani na kuchovywa papo hapo, itaropoka. Pini zikishika utando mweupe wa chokaa kipimo hushuka polepole, na kwa kuwa kinashuka, kinafariji, kwa hiyo hakuna anayekishuku. Zilowekeni kwenye siki dakika 10 hadi 15 kila baada ya miezi miwili, mzisuuze vizuri. Msizikwangue kwa kisu wala kwa steelwool. Betri ni za vidonge, mara nyingi LR44 mbili. Tarakimu zikianza kufifia badilisheni siku hiyo hiyo.

Ili kujua kama kalamu bado inasema kweli, kuna maji maalumu yanayouzwa kwa pakiti ndogo au chupa, yameandikwa 1413. Maana yake ni maikrosimensi 1,413 kwenye nyuzi 25. Pakiti ikifunguliwa itumike na kumwagwa, isirudishwe. Yakikosekana, mtaa unaweza kutengeneza ya kulinganishia: gramu 5 za chumvi kavu ya mezani, zilizopimwa kwa mizani ndogo ya sonara, ndani ya lita 5 za maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kukusanywa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Hakikisheni ni maji na si tindikali, kwa maana chupa hufanana. Mchanganyiko huo utasoma karibu 2,000. Si sahihi kama wa maabara, lakini kalamu ikisoma 1,600 mtajua ina tatizo.

Sasa tarakimu zinasemaje. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri husoma chini ya 50. Kisima kizuri cha pwani kinaweza kuwa popote kati ya 300 na 1,000, kutegemea mwamba, na hiyo si dosari. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakipita miligramu 1,000 za chumvi zote kwa lita, watu wanazidi kuyakataa kwa ladha. Kwa maikrosimensi hiyo ni kama 1,500 hivi. Maji ya bahari yenyewe ni zaidi ya 50,000 na kalamu hizi nyingi haziyafikii, kwa maana mwisho wake ni 9,990. Kila sehemu moja katika mia ya bahari inayoingia kisimani inaongeza kati ya 600 na 700. Kwa hiyo kisima kilichokuwa 700 kikifika 1,400 katika misimu mitatu, bila sababu nyingine, mnaweza kukisia mnakunywa asilimia moja ya bahari.

Kwa bustani vipimo ni vikali zaidi. Jedwali la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaonyesha kwamba mavuno ya maharage huanza kupungua maji yakifika 700, vitunguu 800, mahindi 1,100, nyanya 1,700, mpunga 2,000. Mkulima anayeona mahindi yake yamedumaa akanunua mbolea ya chumvichumvi anaongeza chumvi juu ya chumvi. Mafundi ujenzi nao wasikilize hapa: maji ya chumvi kwenye zege hula nondo kutoka ndani, na nguzo iliyopasuka kwa kutu haitengenezeki kwa plasta.

Kuna jambo moja ambalo tunalisema kwa mkazo kuliko yote yaliyotangulia. Kalamu hii haioni vijidudu. Maji yanayosoma 200 yanaweza kuwa na kipindupindu. Wauzaji wengine huitumia kuonyesha kwamba maji yao ni safi, wakikuwekea tarakimu ndogo mbele ya macho. Huo ni upotoshaji. Maji ya kisima ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa bila kujali kalamu imesema nini. Vile vile tarakimu ikipanda haina maana kwamba ni bahari tu. Mashimo ya vyoo nayo huongeza chumvi na naitreti. Msimu husaidia kutofautisha: kisima kinachopanda kiangazi na kushuka masika kinaashiria bahari, kinachopanda mvua zinapokolea kinaashiria uchafu unaosombwa kuingia. Cha namna ya pili kipelekwe sampuli maabara upesi.

Pamoja na chumvi, andikeni na usawa wa maji. Pakeni alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima, mpime kutoka hapo hadi majini kwa futi ya fundi ya mita 30, ile ya kitambaa kigumu, si kwa kamba ya nailoni ambayo huvutika. Mwishoni fungeni kipande kifupi cha bomba la chuma kilicho wazi chini. Kikigusa maji kinatoa mlio unaosikika vizuri. Kwenye kisima kirefu chenye pampu msiingize futi kama hakuna bomba dogo la kupimia, kwa sababu itajisokota na nyaya, na kuitoa ni gharama ya kuing'oa pampu nzima.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, saa, jina la kisima, kina hadi majini, kipimo kabla ya pampu, kipimo baada ya saa moja, joto, na aliyepima. Visima vitano au sita vilivyotawanyika vinatosha, viwili karibu na bahari, viwili katikati, kimoja au viwili mbali zaidi. Wawekwe watu wawili wa zamu, na picha ya ukurasa iingie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa siku ile ile. Mahali pengi juhudi za namna hii hufa mwezi wa nne, kwa sababu mbili tu: mpimaji alikuwa mmoja akahama, au vipimo viliandikwa na havikuamua chochote.

Hiyo ya pili ndiyo ya kuangaliwa. Kabla ya kipimo cha kwanza, mtaa ukae na kukubaliana kwa maandishi: tarakimu ikifika wapi tunafanya nini. Tunapendekeza mistari miwili. Mstari wa kwanza ni ongezeko la asilimia 20 juu ya kipimo cha msimu ule ule mwaka uliotangulia. Kiasi hicho kimepita makosa ya kawaida ya kalamu. Kikifikiwa, pampu haziendi saa sita mfululizo: zivute saa moja, zipumzike mbili, tenki lijae kwa awamu. Maji yanayotoka ni yale yale, lakini ncha ya chumvi inapewa nafasi ya kushuka. Pampu iliyokaa karibu na sakafu ya kisima ipandishwe mita moja au mbili kama maji yanaruhusu. Kufyatua matofali na kuosha magari kuhamie kwenye visima vya mbali na bahari. Mstari wa pili ni 1,500. Hapo kisima kipumzishwe kiangazi chote, majirani wachote kwingine kwa zamu, na daftari lipelekwe penye mamlaka: kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), kwa Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji kupitia jumuiya za watumiaji wa maji. Malalamiko ya mdomo kwamba maji yameharibika hayapimiki. Kurasa za mwaka mzima zenye saa na tarehe zinampa afisa kitu cha kufanyia kazi, hasa kama kuna mwenye kisima kikubwa jirani anayevuta bila kiasi.

Kukinga mvua ndiyo njia ya kupunguza mzigo. Paa la mita za mraba 60 hukusanya lita 60 kwa kila milimita ya mvua. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 48. Kwa mvua ya milimita 1,000, ambayo ni karibu na kawaida ya mwaka Dar es Salaam, hizo ni lita 48,000. Ziada inayofurika kutoka tenki inaweza kurudishwa ardhini kupitia shimo la mawe, kokoto na mchanga juu, chini yake pakibaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufika majini, na liwe mbali na choo. Maji ya paa tu, si ya barabarani. Shimo moja haliokoi kisima. Mtaa mzima ukichimba, usawa wa maji unashikiliwa kidogo wakati wa masika, na kalamu ndiyo itakayowaonyesha kama kuna tofauti. Kwenye jiwe la matumbawe tupu msifanye hivyo bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu maji hupita kwenye matundu bila kuchujwa.

Dukani, kabla ya kulipa, washa kalamu ikiwa kavu: isome 0. Chovya kwenye maji ya chupa, kisha tia chembe za chumvi na ukoroge: tarakimu ipande papo hapo na itulie, isirukeruke. Itoe, ifute, irudishe kwenye maji ya chupa mapya: irudi ilipokuwa, au karibu sana. Angalia kama ina skrubu au kitufe cha CAL cha kuirekebishia, kama mwisho wake ni 9,990, na kama kifuniko cha betri kina mpira wa kuzuia maji. Omba pakiti mbili za 1413 na usome tarehe ya mwisho. Mwenye duka akikuambia kalamu yake haihitaji kurekebishwa kamwe, nenda duka jingine.